Seli inapozeeka kabla ya mwenyewe



Ndugu msomaji, katika kisanduku cha maswali kilichopo mlangoni mwa msikiti wetu zimekutwa wiki hizi karatasi tatu zenye miandiko tofauti na swali moja. Baada ya sala ya Ijumaa, nje ya lango, pamekuwa na kijana mwenye meza na kipaza sauti anayeuza vidonge ndani ya kopo jeupe. Husema kwamba mwili huzeeshwa na sumu za kemikali zinazoingia ndani ya seli, na kwamba vidonge vyake huzisafisha sumu hizo na kuurudisha ujana. Waulizaji wanataka kujua kama maneno haya yana ukweli. Mmoja wao, ambaye kwa maelezo yake ni mama aliyekwisha kustaafu, ameongeza kwamba amenunua makopo mawili kwa fedha aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya ada ya mjukuu.

Jibu fupi ni kwamba nusu ya kwanza ya maneno ya kijana yule ni ya kweli, tena ya kweli kuliko anavyojua yeye mwenyewe. Nusu ya pili sivyo. Na kwa kuwa nusu ya kwanza ndiyo inayomfanya mtu afungue mkoba, nimeona tuieleze kwa urefu. Mimi si tabibu. Nimesoma chuo cha Kiislamu, na kazi yangu msikitini ni ya kalamu na daftari. Lakini mambo haya yamechapishwa wazi, na mwenye subira aweza kuyasoma.

Mwili wa mtu mzima una seli zaidi ya trilioni 30. Nyingi hufa kila siku, na mahali pake huzaliwa nyingine kwa seli kugawanyika. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita wataalamu waliamini kwamba seli ikitolewa mwilini na kulishwa vizuri ndani ya chupa haina mwisho. Imani hiyo ilitokana na daktari Mfaransa Alexis Carrel, ambaye mwaka 1912 huko New York alianza kufuga seli zilizotoka katika moyo wa kifaranga aliyekuwa bado ndani ya yai. Ufugaji huo uliendelezwa hadi 1946, miaka miwili baada ya Carrel mwenyewe kufariki dunia. Watu wakazungumza juu ya moyo usiokufa. Maelezo yanayotolewa mara nyingi siku hizi ni kwamba kila zilipolishwa, ndani ya chakula kile ziliingia seli nyingine changa bila kukusudiwa.

Mwaka 1961 Leonard Hayflick na mwenzake Paul Moorhead, waliokuwa wakifanya kazi katika Taasisi ya Wistar mjini Philadelphia, Marekani, walichapisha matokeo yaliyoivunja imani hiyo. Seli za kawaida za binadamu, walieleza, hugawanyika mara 50 hivi kisha husita. Hazifi papo hapo. Hubaki hai, hula na kutoa taka, lakini haziongezeki tena. Ili kuondoa shaka kwamba pengine chakula cha chupa ndicho chenye kasoro, seli za kiume zilizokwisha kugawanyika mara nyingi zilichanganywa katika chupa moja na seli za kike zilizokuwa bado changa. Muda wa zile za kiume ulipokwisha, chupa ilitazamwa, na ndani yake zikakutwa za kike tu. Chakula kilikuwa kimoja na chupa ilikuwa moja. Umri ulikuwa umo ndani ya seli zenyewe.

Umri huo huhesabiwa vipi? Sehemu kubwa ya jibu imo katika ncha za nyuzi za vinasaba, ziitwazo telomea. Wenye kushona mikeka watanielewa upesi. Mkeka usiotiwa upindo huanza kufumuka pembeni, na ukindu mmoja ukiachia, wa pili hufuata. Telomea ndizo upindo wa nyuzi za vinasaba. Kila seli inapogawanyika upindo huo hupungua kidogo, na ukishakuwa mfupi mno seli hutambua kwamba nyuzi zake zimo hatarini, ikakataa kugawanyika tena. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2009 kwa kugundua jinsi ncha hizo zinavyozilinda nyuzi, pamoja na kimeng'enya kinachozirefusha.

Kama habari ingeishia hapo, uzee wa seli ungekuwa hesabu tu, mara 50 na basi, na kijana wa langoni asingekuwa na la kusema. Haikuishia hapo.

Kuna dawa ya maji ambayo wengi wetu tunaijua tangu utotoni, ile inayomiminwa juu ya kidonda ikachemka kwa povu jeupe. Jina lake ni haidrojeni peroksaidi. Kwa umbile ni maji yaliyoongezewa oksijeni moja, na kwa sababu ya hiyo ya ziada haitulii. Hutafuta cha kukiunguza. Lile povu ni kinga ya mwili ikiwa kazini. Ndani ya damu na ndani ya seli zetu mna kimeng'enya kiitwacho katalesi, ambacho huivunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni, na oksijeni ndiyo inayopanda kama mapovu.

Sasa jiulize, kwa nini seli iwe na kimeng'enya cha namna hiyo hata kabla mtu hajajikata? Ni kwa sababu mwili wenyewe huitengeneza peroksaidi usiku na mchana. Huzalishwa kidogo kidogo seli inapotumia oksijeni kupata nguvu kutokana na chakula, na chembe nyeupe za damu huitumia kama silaha ya kuua vijidudu. Mwaka 1956 Mmarekani Denham Harman alitoa rai kwamba uzee hutokana na mabaki haya makali ya oksijeni, ambayo huziunguza sehemu za seli polepole kwa miaka. Rai hiyo inabishaniwa hadi leo, lakini ilifungua mlango wa majaribio mengi.

Jaribio ambalo ningependa msomaji alikumbuke lilichapishwa mwaka 1994 na Qin Chen na Bruce Ames wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Walichukua seli changa za binadamu, zenye safari ndefu bado mbele yake, wakazitia peroksaidi kwa muda wa saa mbili, kwa kiasi kidogo kisichoweza kuziua. Kisha wakaiondoa, wakazilisha kama kawaida. Seli hazikufa. Lakini zilipopewa vichocheo vya kukua hazikuitika, na hali yake ikafanana na ya zile zilizokwisha kumaliza safari aliyoieleza Hayflick. Safari ambayo ndani ya chupa huchukua miezi mingi, ilifupishwa kwa saa mbili.

Watafiti wengine walifuata. Olivier Toussaint na wenzake wa Chuo Kikuu cha Namur, Ubelgiji, walionyesha kwamba dozi ndogo za kemikali za jamii hiyo, na hata za kilevi kilichomo katika pombe, zikirudiwa mara kadhaa huzifikisha seli za binadamu kwenye kusita kulekule kabla ya wakati. Mwaka 1995 Thomas von Zglinicki na wenzake walizifuga seli katika hewa yenye asilimia 40 ya oksijeni, karibu maradufu ya ile tunayovuta. Telomea zikafupika kwa kasi inayozidi mara tano ya kawaida, na seli zikasita baada ya migawanyiko michache tu. Sababu moja ni kwamba telomea za binadamu zimeundwa kwa herufi sita za kemikali zinazorudiwarudiwa, na tatu kati ya hizo sita ni guanini, ambayo huunguzwa na oksijeni kwa urahisi kuliko wenzake.

Kwa hiyo yale ya "sumu za kemikali zinazozeesha seli" si porojo. Ni jambo lililopimwa.

Lakini hapa pana nukta ambayo wauza vidonge hawaigusi. Seli iliyosita haikushindwa, imejizuia. Ndani yake zipo protini za ukaguzi, iliyo mashuhuri kati yake ikiitwa p53. Protini hii ikiona jeraha katika vinasaba ambalo halizibiki upesi, husimamisha mgawanyiko. Dhiki ikiendelea, breki nyingine, iitwayo p16, hukazwa na kwa kawaida haiachiwi tena. Na kwa nini seli ijizuie? Kwa sababu seli yenye vinasaba vilivyoungua ikiendelea kugawanyika, hapo ndipo saratani inapoanzia. Kusita ni kinga. Hata kidonda kinapopona, seli za namna hii hujitokeza kwa muda, zikasaidia kukifunga, kisha mwili ukaziondoa. Mtu anayekuahidi kuziamsha seli zako zote zilizosita hajui anachokuahidi.

Tabu huanza zinapozidi na kubaki. Mwaka 2008 Judith Campisi na wenzake huko California walieleza kwamba seli iliyosita hainyamazi, bali hutema kemikali za kuchochea uvimbe zinazowasumbua majirani zake. (Sisi wa kamati tunawajua wajumbe wa aina hii: kazi hawafanyi, lakini hakuna kikao wasichosema.) Mwaka 2018 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, waliwapandikiza panya vijana idadi ndogo tu ya seli zilizosita, na panya hao wakapungua nguvu na mwendo kana kwamba wamezeeka. Hata mvi zina sehemu yake katika kisa hiki. Mwaka 2009 wataalamu wa Bradford, Uingereza, pamoja na wenzao wa Ujerumani, walikuta kwamba mashina ya nywele zenye mvi yamejaa peroksaidi, huku katalesi yake ikiwa imepungua mno. Nywele zilikuwa zikichujuliwa rangi kutoka ndani kwa dawa ileile ambayo watengeneza nywele huitumia kwa nje.

Tutoke maabara sasa tuingie nyumbani, tukijua kwamba chupa ya majaribio si mwili, na mwili una kinga nyingi ambazo chupa haina.

Sigara sitaichelewesha, kwani kila mtu anajua ninachokwenda kusema. Moshi wake una kemikali zaidi ya 7,000, na zisizopungua 69 kati yake husababisha saratani. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walipochunguza mapafu ya wagonjwa ambao vifuko vyao vya hewa vimeharibika, ugonjwa ambao mara nyingi huletwa na sigara, walikuta humo seli zilizosita kwa wingi zaidi na telomea fupi zaidi kuliko katika mapafu ya watu wasiovuta. Anayevuta sebuleni huku watoto wakifanya kazi za shule mezani awe na habari hiyo.

Moshi wa jikoni ndio tunaoufumbia macho. Kuni na mkaa hutoa chembe ndogo zinazofika ndani kabisa ya mapafu, hutoa kaboni monoksaidi, na hutoa kemikali nyingi ambazo zimo pia katika sigara. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani ulihusika na vifo vya watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka 5. Mpishi hupokea dozi yake asubuhi, mchana na jioni, kila siku, na tumekwisha kuona kwamba dozi ndogo inayorudiwa haihitaji kuua seli ili kuidhuru.

Kabla ya Ramadhani iliyopita, nilipokuwa nikiandika muhtasari wa kikao cha kamati kuhusu futari ya msikitini, palizuka mjadala juu ya jambo hili. Akina mama wanne hupika uji na futari ya watu wapatao mia mbili kwa kuni, tangu adhuhuri hadi karibu na magharibi, ndani ya banda la mabati lisilo na dirisha nyuma ya msikiti. Mjumbe mmoja alipendekeza yanunuliwe majiko ya gesi. Mzee wetu mmoja, ambaye namheshimu, akasema kwamba mama zetu walipikia kuni na wakafika miaka themanini. Ni kweli, wapo waliofika, na tunawakumbuka kwa sababu walifika. Wale waliokwenda na kifua wakiwa na hamsini hatukuwahesabu, wala hapakuwa na mtu aliyeandika kwamba ulikuwa moshi. Mkubwa wa wapishi wetu hajawahi kushika sigara maishani mwake, na anakohoa kama mtu aliyevuta miaka thelathini. Mjumbe aliyepeleka hoja alilisema hilo kwa sauti ya chini, na kikao kikanyamaza kidogo.

Iliafikiwa kwamba kuta mbili za banda zibomolewe kwanza, kwa kuwa hilo halikugharimu kitu ila nguvu za vijana, kisha zichangishwe fedha za majiko mawili ya gesi. Kuta zimebomolewa. Jiko limepatikana moja. Serikali ya Tanzania nayo ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na ni lengo zuri. Lakini mama anayepika leo hawezi kuusubiri mwaka huo. Asiye na uwezo wa gesi aweza kupikia nje au mahali pa wazi, kuni zikaushwe vizuri kabla ya kuwashwa, sufuria zifunikwe ili chakula kiive upesi, na mtoto mchanga asibebwe mgongoni mbele ya jiko. Mkaa usiingizwe katika chumba kilichofungwa hata usiku wa baridi, kwani huko hatuzungumzii tena uzee wa seli, tunazungumzia watu kutoamka.

Nimeulizwa pia kuhusu udi na ubani. Vikiunguzwa hutoa moshi, na moshi huo una chembe ndogo kama moshi mwingine wowote. Siwaambii watu waache kufukiza nguo au kukaribisha wageni kwa harufu nzuri. Nasema chetezo kisiachwe katika chumba kisicho na upepo ambamo mtoto amelazwa au mzee mwenye pumu amekaa.

Lipo jambo jingine litakaloniletea lawama. Msimu wa harusi ukikaribia, binti huanza kupakwa mkorogo wiki kadhaa kabla, na mara nyingi anayeununua ni mama mzazi au shangazi, kwa mapenzi. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki. Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, na ndiyo sababu huonekana kufanya kazi haraka. Lakini ndani ya seli hushikamana na salfa iliyomo katika protini, na hasa katika glutathioni, ambayo ni akiba kubwa ya seli katika kupambana na peroksaidi na jamii yake. Kwa hiyo mwenye kuipaka anachochea moto na wakati uleule anayamwaga maji ya kuuzimia. Rangi ya ngozi iliyoondolewa nayo ilikuwa mwavuli dhidi ya jua, na miale ya jua ni miongoni mwa vitu vinavyoisitisha seli ya ngozi kabla ya wakati. Binti hung'aa siku ya ukumbi. Makunyanzi na madoa huja baadaye, mpiga picha akiwa amekwisha kulipwa.

Na madhara hayaishii kwenye ngozi. Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba zebaki ya krimu na sabuni hizi hudhuru figo, na kwamba hata walio nyumbani wasiopaka, watoto wakiwemo, huweza kuipata. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa nchini Japani mwaka 2013, hapo awali uliweka sehemu moja ya zebaki katika sehemu milioni kuwa mpaka wa vipodozi, na krimu za kung'arisha ngozi zilitajwa humo waziwazi. Shangazi anayeweka kopo lisilo na orodha ya viambato ndani ya sanduku la bibi harusi anapaswa kuulizwa amelitoa wapi, hata kama kumuuliza kunaonekana utovu wa adabu.

Turudi sasa kwa vidonge. Hoja ya muuzaji yaonekana kuwa nyepesi: ikiwa kemikali za oksijeni huunguza seli, basi meza dawa inayozizima, nawe utabaki kijana. Dawa hizo huitwa antioksidanti. Wataalamu nao waliwahi kufikiri hivyo, na tofauti yao na muuzaji ni kwamba wao walipima.

Nchini Ufini wanaume 29,133 waliokuwa wavutaji wa sigara waligawanywa katika makundi, baadhi wakapewa vidonge vya beta karotini, ile rangi inayopatikana katika karoti na papai, wengine vitamini E, wengine vyote viwili, na wengine vidonge visivyo na kitu. Walifuatiliwa kwa miaka 5 hadi 8. Matokeo yalitangazwa mwaka 1994: waliomeza beta karotini hawakupungukiwa na saratani ya mapafu. Iliongezeka kwao, kwa asilimia 18. Huko Marekani jaribio jingine la watu 18,314, wavutaji pamoja na wafanyakazi waliovuta vumbi la asbesto, walipewa beta karotini na vitamini A. Lilisimamishwa kabla ya muda wake mwaka 1996, kwa kuwa saratani ya mapafu kwa waliokuwa wakimeza ilikuwa imezidi kwa asilimia 28.

Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake huko Ujerumani waliwachukua vijana wakawafanyisha mazoezi kwa wiki nne. Waliofanya mazoezi bila vidonge, miili yao ilijifunza kuitumia sukari vizuri zaidi. Waliofanya mazoezi yaleyale huku wakimeza vitamini C na E kwa dozi kubwa hawakupata faida hiyo. Maelezo yao ni kwamba ile dhiki ndogo ya oksijeni inayoletwa na mazoezi ndiyo inayouamsha mwili uimarishe kinga zake. Vidonge vilipoizima, ujumbe haukufika. Peroksaidi, kumbe, ni moto wa jikoni: ukizidi utaunguza nyumba, lakini ukiuzima wote hakuna kitakachoiva.

Wala haya hayahusu papai lenyewe, mchicha, embe au karoti za sokoni. Hakuna aliyepata madhara ya namna hiyo kwa kula mboga, na wanaokula mboga na matunda kwa wingi ni watu wa afya njema kwa jumla. Tofauti ipo katika dozi, na katika mambo mengi yaliyomo ndani ya tunda ambayo hayamo ndani ya kidonge.

Mama yetu mstaafu, kwa makopo hayo mawili nakuomba usiendelee, hasa ikiwa unatumia dawa za moyo, za sukari au za kuzuia damu kuganda, kwani vidonge vya namna hii vyaweza kugongana nazo. Vitamini E kwa dozi kubwa, kwa mfano, huongeza hatari ya kutokwa na damu kwa mwenye kutumia dawa za kuizuia isigande. Lichukue kopo moja ukamwonyeshe daktari wako. Fedha iliyokwenda ni vigumu kuirudisha. Kamati imezungumza na yule kijana, naye amekubali kuiondoa meza yake langoni bila ugomvi.

Karatasi moja kati ya zile tatu ilikuwa na swali la ziada kwa nyuma, limeandikwa kwa penseli. Baba mmoja amevuta sigara tangu ujana wake na ameacha mwaka huu. Anauliza kama amechelewa.

Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza, kutoka Taasisi ya Wellcome Sanger na Chuo Kikuu cha London, walichapisha uchunguzi wa seli za njia ya hewa za watu 16: wavutaji, walioacha, wasiowahi kuvuta, na watoto. Katika wavutaji, seli nyingi zilikuwa na majeraha ya vinasaba kwa maelfu. Katika walioacha, walikuta kundi la seli ambazo hawakulitarajia, seli zilizofanana na za mtu asiyewahi kuvuta, na kwa baadhi yao zilifikia asilimia 40 ya zote. Kwa wastani zilikuwa mara nne ya zile zilizokutwa kwa wanaoendelea kuvuta, na telomea zake zilikuwa ndefu zaidi kuliko za zile zilizojeruhiwa. Haielekei kwamba ni seli zilizoharibika kisha zikatengenezwa. Inaelekea zilikuwapo siku zote, chache, mahali ambapo moshi haukuzifikia, na moshi ulipokoma zikagawanyika na kuchukua nafasi za nyingine. Miongoni mwa watu waliokutwa nazo walikuwapo waliokwisha kuvuta zaidi ya pakiti 15,000.